Fungate ya Surua

Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Bujumbura huulizwa mara nyingi na wanafunzi wetu wa mtaa wa Buyenzi maana ya neno fungate. Twawajibu kuwa ni zile siku saba za mwanzo wa ndoa, kabla maharusi hawajaonja taabu za unyumba. Lakini neno hilo lina kazi nyingine pia, katika hesabu za maradhi.

Mwaka 1988 wataalamu wawili wa Uingereza, Angela McLean na Roy Anderson, walionyesha kwa hesabu kwamba chanjo ya surua ikianza katika nchi yenye uzazi mwingi, ugonjwa huweza kupungua sana kwa miaka kadhaa, kisha ukazuka tena. Utulivu huo wa katikati ndio fungate.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuchukue kata inayozaa watoto 100 kila mwaka. Wakichanjwa 80, na chanjo moja ikawakinga 85 katika kila 100, wenye kinga ni 68, wanabaki 32. Zamani hao wangaliugua mapema. Sasa ugonjwa umepungua, basi hubaki bila kinga. Mwaka wa pili huwa 64, na wa tano 160. Haba na haba hujaza kibaba. Tena mgonjwa mmoja wa surua, akiwa kati ya wasio na kinga, huweza kuwaambukiza watu 12 hadi 18.

Mwaka huohuo wa 1988 surua ilizuka Muyinga, kaskazini mashariki mwa Burundi, ilhali chanjo ilikwisha kuanza miaka kadhaa kabla. Waliouchunguza mlipuko ule waliuona kuwa ni mwisho wa fungate. Asiyejua hesabu angesema chanjo imeshindwa; kumbe iliwaokoa wengi, ila haikuwafikia wa kutosha. Ili surua ikose njia, yapasa watoto wapatao 95 katika kila 100 wachanjwe, tena mara mbili.

Mzazi asemaye, "Surua imekwisha, ya nini kumdunga mwanangu sindano?" hakukosa akili, hakupata wa kumweleza kwamba kimya kingi kina mshindo mkuu. Hesabu hizi zimeandikwa zaidi kwa lugha za kigeni. Ni juu yetu, walimu wenzetu, kuzileta darasani kwa neno ambalo kila mama wa Buyenzi analijua, na ambalo yeye mwenyewe anajua kuwa lina siku ya nane.