Goma: Mama muuguzi atafuta fundi mwaminifu wa gari yake kuukuu

Mei 27, 2021, alfajiri, gavana wa kijeshi wa Kivu Kaskazini alitangaza kwamba mitaa 10 kati ya 18 ya mji wa Goma ihamishwe. Siku tano kabla, volkano ya Nyiragongo ilikuwa imelipuka na ardhi ilikuwa ingali inatetemeka. Raia waliambiwa waelekee Sake. Katika mtaa wa Majengo, mama mmoja muuguzi aliingiza watu katika gari yake: mama yake mzazi, watoto wake watatu, na jirani mwenye mtoto mchanga. Pamoja naye walikuwa saba.

Gari ni Toyota Corolla, yenye umri kushinda mtoto wake wa kwanza. Usukani uko kuume, kama magari mengi yanayotoka Japani na kufika Kivu kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Aliinunua kwa pesa za likelemba, baada ya miaka miwili ya kuchanga na wenzake wa kazi. Kila asubuhi ilimtoa Majengo na kumfikisha kwenye kituo cha afya upande wa Mugunga, na jioni ikamrudisha. Njiani alichukua watu wawili watatu ili wamsaidie pesa ya esanse.

Siku ile barabara ilijaa. Watu walitembea na magodoro kichwani, mbuzi, masufuria, wazee mgongoni. Kisha kupita Mugunga, mshale wa joto ulipanda na moshi mweupe ukatoka chini ya kapo. Gari ikasimama. Kijana mmoja aliyekuwa akisukuma chukudu alikuja kusaidia. Alifungua kapo, akaangalia, akamuita mama. Mpira wa maji ya radiatere ulikuwa umepasuka, na pale ulipopasuka ulikuwa umefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Wiki mbili tu zilikuwa zimepita tangu mama huyo alipe garaji moja ya mjini ili waweke mpira mpya. Alikuwa na karatasi ya malipo ndani ya mkoba.

Sake iko kilometa zipatazo 25 kutoka Goma. Sehemu iliyobaki waliitembea kwa miguu, bibi akiwa amekaa juu ya chukudu ya yule kijana. Hakuna aliyekufa katika familia hiyo. Lakini mama hakusahau. Kila alipoelezea safari ile, hakuongea juu ya volkano. Aliongea juu ya kipande kile cha mpira wa baiskeli.

Goma ni mji mgumu kwa gari. Mwaka 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji na kufunika hata sehemu ya uwanja wa ndege. Watu walirudi wakajenga juu ya mawe hayo meusi. Barabara kubwa zina lami, lakini ukiingia ndani ya mitaa, gari inaruka juu ya lava iliyoganda. Rotili zinalegea, amortisa zinavuja, mipira inakatika, boloti zinajifungua zenyewe. Vumbi la mawe hayo linaingia kila mahali. Mwenye gari kuukuu Goma anamuona fundi mara nyingi kuliko anavyowaona baadhi ya ndugu zake. Kwa hiyo fundi mwizi si shida ya siku moja. Ni mtu anayekula nawe kila mwezi.

Gari ilipookotwa barabarani siku chache baadaye, batri haikuwemo. Mama alirudi kwenye garaji ile na karatasi yake. Walimjibu kwamba pyesi zilikuwa za okazioni, na pyesi za okazioni hazina garanti. Garaji ya pili ilimwambia amortisa zote za mbele zimekufa, akadaiwa dola 120. Alilipa nusu, akaacha gari siku tatu. Alipoirudia, kelele ilikuwa ileile. Garaji ya tatu haikumwibia, lakini fundi mkubwa alikuwa haonekani. Vijana wanaojifunza kazi ndio walijifunzia juu ya gari yake.

Mwanamke akiingia garaji peke yake, mara nyingi bei inapanda kabla kapo haijafunguliwa. Mama alijaribu kwenda na shemeji yake. Shemeji naye hakujua gari, lakini alikuwa anatikisa kichwa kama anayejua, na fundi akamuongelesha yeye. Mwishowe mama aliacha gari uani, akapanda pikipiki za motari. Mvua ilimnyeshea, magoti yakamuuma, na usiku wa zamu hakuna motari aliyekubali kufika mpaka Majengo. Alirudia gari. Aliweka plaketi mpya za freni za mbele kwa fundi mwingine, akaomba Mungu.

Mwanzo wa mwaka 2023, vita vilifika Kitshanga, katika eneo la Masisi. Maelfu ya familia zilikimbilia upande wa Goma, na wengi wakajenga vibanda vya maturubai Lushagala na Bulengo, karibu na Mugunga. Kituo cha afya kilijaa.

Asubuhi moja, baba mmoja alikuwa amekaa nje ya kituo akisubiri mtoto wake mwenye malaria atundikiwe dawa. Aliisikia Corolla ikiingia. Mama aliposhuka, yule baba alisimama.

"Mama dokta, samahani. Ile gari yako inalia freni mbele, upande wa kuume. Usirudi nayo Majengo leo."

Mama alicheka kidogo. Alikuwa ameshasikia maneno mengi ya mafundi. "Papa, plaketi ni mpya. Hazijafikisha mwezi."

"Inawezekana. Lakini chuma kinagusa chuma. Ukiniruhusu nitosha gurudumu, nawe ukae hapa uangalie. Kuangalia hakuna malipo."

Alikuwa na garaji yake Kitshanga, na vijana wanne aliowafundisha kazi. Alipokimbia alibeba watoto na gunia moja. Ndani ya gunia, katikati ya nguo, aliingiza kle tatu. Kriki alikopa kwa dereva wa kamiyo. Mama aliketi juu ya jiwe, akiwa na blauzi yake nyeupe, na kwa mara ya kwanza aliona kinachofanyika nyuma ya gurudumu la gari yake.

Kila gurudumu la mbele lina plaketi mbili zinazobana diski, moja upande wa nje, moja upande wa ndani. Ile ya nje, ambayo mtu anaweza kuichungulia, ilikuwa mpya kweli. Ile ya ndani, ambayo haionekani mpaka gurudumu litoke, ilikuwa imekwisha hadi kwenye chuma, na diski ilikuwa imeanza kuchimbika. Mama alikuwa amelipia plaketi zote, akawekewa zile za kuonekana.

Alimwambia fundi waende pamoja sokoni kununua zingine. Fundi alikataa. "Nenda peke yako, mama. Beba hii ya zamani kama mfano. Nikienda nawe, muuzaji ataniwekea kamisyo juu ya bei yako, na wewe utabaki unajiuliza." Mama alichukua pikipiki mpaka mjini na kurudi na plaketi. Fundi aliziweka magurudumu yote mawili, akasugua diski, akamwambia aendeshe polepole na kukanyaga freni mara kadhaa kabla hajaingia barabara kubwa. Aliomba franka 10 000. Plaketi za zamani alizitia ndani ya mfuko akampa. "Hizi ni zako. Ulizinunua."

Wenzake kazini walimuonya. Mkimbizi hana anwani, walisema. Akiharibu, utamtafuta wapi? Mama alijibu kwamba yule wa mpira wa radiatere alikuwa na anwani, na kibao kilichochorwa gari nyekundu.

Hata hivyo hakumwamini kwa siku moja. Alimpa kazi ndogo kwanza: kubadilisha mafuta, kusafisha buji. Aliandika kilometa, tarehe na bei ndani ya daftari. Kisha akamuuliza juu ya ile kelele ya dola 120. Fundi aliingia chini ya gari, akatikisa kila chuma kwa mkono, akatoka na kampira kadogo kaliyokatika. Amortisa zilikuwa zingali nzima. "Hizi nikizitosha leo, nitakuwa nimekuibia. Ngoja zianze kuvuja mafuta." Kampira kale kaligharimu dola mbili.

Kilichomshinda mama kabisa ni kosa. Gari ilikataa kuwaka, fundi akasema ni batri. Mama alinunua batri. Baada ya wiki, gari ikazima tena, na ikaonekana kwamba kifaa kinachojaza batri ndicho kilikuwa kimechoka. Fundi alikuja mwenyewe mpaka kituoni, akiwa na ile pesa ya kazi mkononi. "Mama dokta, nilikosea. Ningepima kwanza." Mama anasema tangu anunue gari ile, hakuna fundi aliyewahi kumwambia neno hilo.

Kwa sasa akiulizwa na wenzake namna ya kutafuta fundi, hawaambii waende kwa mkimbizi wala kwa mwenye kibao. Wezi walikuwa kambini na walikuwa mjini, na watu wema vilevile. Anawaambia wauangalie mkono wakati wa kazi. Waulize madereva ambao magari yao yanatembea kila siku, si wale waliokaa kivulini wakingojea pyesi. Wampe fundi kazi ndogo kwanza, wasilipe yote kabla, wanunue pyesi wenyewe pale inapowezekana, na waombe pyesi ya zamani irudishwe mikononi mwao. Na fundi akikataa mwenye gari asisogee karibu, wachukue ufunguo wao waende.

Mwisho wa mwaka ule, usiku mmoja, mama mjamzito aliletwa kituoni kutoka kambini. Mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni, na ilihitajika kumpeleka hospitali kubwa mjini. Gari ya wagonjwa ilikuwa mbali. Muuguzi alimlaza kwenye kiti cha nyuma cha Corolla, akawasha taa, akashika barabara. Karibu na Ndosho, kamiyo isiyo na taa ilikuwa imesimama katikati ya njia. Alikanyaga freni. Gari ilisimama bila kulia. Mtoto alizaliwa kabla ya mapambazuko, kwa operesheni, mzima.

Plaketi mbili za zamani, ile mpya ya nje na ile iliyoliwa ya ndani, ziko ndani ya droo ya meza yake kituoni, kando ya termometa. Humuonyesha kila anayemuuliza.

Na kando ya barabara ya Mugunga, madereva wa taksi walianza kusimama mbele ya turubai moja lisilo na kibao. "Papa fundi, mama dokta ametutuma." Fundi huvuta kriki, ambayo sasa ni yake, na kabla hajagusa kitu, humuonyesha mwenye gari jiwe lililo kando.

"Kaa hapa, uangalie."