Mafungu Mawili na Nyongeza Moja

Jumanne, 1 Oktoba 2024

Leo wameanza kuandikisha. Nimeliona tangazo kwenye geti la shule yetu ya mtaani nikipita na ndoo kichwani: awali na darasa la kwanza, njoo na cheti cha kuzaliwa, mwisho 31 Desemba. Nikapita. Sikuingia. Miguu ilitaka, moyo ukagoma, maana jana usiku baba wa mtoto wetu kaleta fomu ya shule ya mjini, ile ya Kiingereza. Kaiweka mezani, hakusema neno. Asubuhi nimeikuta ina duara la kikombe cha chai.

Giza la mwezi limeingia, dagaa wamejaa mwaloni Katonga. Tangu ziwa lifunguliwe tena kwa uvuvi tarehe 15 Agosti sijaona usiku kama wa jana. Miezi mitatu lilipofungwa tulikula madeni. Sasa hata sijalipa yote, nawaza ada.

Ijumaa, 4 Oktoba

Nimejaza fomu. Kwa penseli kwanza. Kazi ya baba: seremala wa mitumbwi. Kazi ya mama: mfanyabiashara. Nikafuta. Muuza dagaa. Nikafuta. Karatasi imechanika kidogo hapo. Mwishowe nikashika kalamu, mfanyabiashara, basi.

Elimu ya mama: darasa la saba. Hiyo nimeandika mara moja tu.

Usaili 9 Novemba. Aje mtoto na wazazi wote wawili. Wote wawili! Kumbe na mimi nasailiwa.

Jumapili, 13 Oktoba

Rangi zinamwingia mtoto. Redi, girini, yelo. Bluu anaikataa: anasema ziwa halina rangi moja, asubuhi liko hivi, jioni hivi, sasa bluu ni ipi? Nikamwambia wewe sema bluu tu. Akaniangalia. Sikupenda alivyoniangalia.

Mama mkwe alikuwa anachambua mchele, anatusikiliza. Akasema, enzi zetu hakuna haya. Mwaka 1977, ule wa elimu kwa wote, mwalimu mkuu alikaa chini ya mwembe, watoto foleni, kila mmoja anapitisha mkono juu ya kichwa. Kidole kikigusa sikio la upande wa pili, umefika umri, ingia. Hakikugusa, rudi nyumbani ukale ugali, mwakani uje tena. Vyeti vya kuzaliwa nani alikuwa navyo? Yeye alikuwa na miaka kumi, aligusa sikio na bado akateremka hadi shavuni. Mdogo wake alikosa kwa kidole kimoja, akalia njia nzima mpaka Rusimbi.

“Njoo mke mwenzangu, tukupime.” Mtoto akaja mbio. Akapitisha mkono, akainama, akajinyonga shingo. Bado. Kidole kimoja.

“Usiinamishe kichwa, huo wizi,” bibi yake akamwambia. Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka. Kidole kimoja kimenikaa rohoni mchana kutwa, kama vile kuna mtu bado anapima hivyo.

Alhamisi, 17 Oktoba

Mbalamwezi. Maboti yamepumzika, nami niko nyumbani, na hilo ndilo kosa. Nimemkalisha tangu asubuhi. Wotsi yua nemu. Hau olidi a yu. Nikamnunulia tufaha moja pale Mwanga, bei ya kisahani cha migebuka, ili akiulizwa epo awe anaijua mdomoni. Tukaligawa vipande vinne. Akatafuna, akasema embe ni tamu zaidi. Ni kweli.

Saa kumi nikamuuliza jina lake kwa mara ya ishirini na kitu, akanyamaza. Si kiburi. Midomo inacheza, sauti haitoki. Jina lake mwenyewe! Nikapandisha sauti. Mama mkwe akaja, akamshika mkono, wakatoka nje bila kuniambia kitu.

Usiku amekojoa kitandani. Alikwisha kuacha tangu ana miaka mitatu.

Naandika haya na naona aibu. Nimempokonya mtoto jina lake.

Jumapili, 20 Oktoba

Hakuna masomo leo. Tumekwenda sote watatu kwenye kumbukumbu ya Livingstone, tukakaa nje chini ya miembe. Nia yangu ilikuwa asikie wageni wakizungumza. Hakuja mgeni hata mmoja. Embe zimeanza kuiva, mbili zilianguka karibu nasi, akazila zote, maji yakamtiririka hadi viwikoni.

Mama mkwe akamsimulia: hapa hapa, mwaka 1871, Mzungu mmoja alitembea kutoka pwani miezi kadhaa, alipofika akamwuliza mwenzake kama yeye ndiye Daktari Livingstone. Mtoto akauliza, “Na yeye alilijibu jina lake?” Alilijibu. “Alikuwa mgonjwa?” Alikuwa mgonjwa, amechoka, wengi walidhani amekufa. Akafikiri sana. “Basi na mimi nitajibu.”

Kwa sauti yake mwenyewe. Nimekunja kanga nikajifuta macho, nikasingizia vumbi.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua. Dagaa nusu gunia wamelowa mchangani, wameanza kunuka, nimewauza kama chakula cha kuku. Ada imerudi nyuma tena. Baba yake anasema atamalizia mtumbwi wa mtu wa Kibirizi kabla ya Krismasi. Anafanya kazi mpaka usiku kwa taa ya sola. Namsikia anagonga. Sijamwuliza kwa nini shule ile na si nyingine. Najua. Mwaka jana aliandikiwa mkataba kwa Kiingereza, akatia sahihi, akapoteza mbao zake zote.

Ijumaa, 8 Novemba

Viatu tumeazima kwa mama jirani, vinapwaya, nimejaza pamba mbele. Gauni la Idi. Mimi nimesugua mikono na limau na majivu, mara tatu. Nanusa. Bado. Dagaa hawatoki mikononi mwa mtu kwa siku moja. Mama mkwe kasema acha, hiyo ndiyo iliyomlea.

Usingizi hakuna. Nasema peke yangu gizani: mai jobu izi… mai jobu izi… Halafu nini?

Jumamosi, 9 Novemba

Niandike kabla sijasahau mpangilio.

Daladala ilijaa, tumefika saa mbili kasoro. Wazazi wengine wana magari. Watoto wao wanaongea Kiingereza na mama zao pale pale kwenye benchi, kama mchezo. Wetu alikaa kimya, anahesabu vigae vya sakafuni kwa mguu.

Mwalimu kijana, mpole, si mtu wa huku. Tukaambiwa tukae nyuma, tusisaidie. Akamwuliza jina. Kimya. Nikashika goti la baba yake. Kimya bado. Halafu akalisema, kamili, jina lake na la baba yake na la babu yake, na mai nemu izi mbele yake. Nikapumua.

Picha ya meli. Nilimfundisha shipu. Akasema, “Liemba.” Mwalimu akatikisa kichwa, akauliza tena. “Liemba,” akarudia, polepole, kama anamwelewesha mtu asiyesikia vizuri. Meli kubwa anayoijua ni hiyo moja tu, ile waliyoijenga Wajerumani, ikazamishwa mwaka 1916 na kuibuliwa tena. Babu yake alipanda hadi Mpulungu. Aseme nini kingine?

Picha ya samaki. Wa rangi ya chungwa, mkia kama pazia. Akaishika karibu na macho. Akasema kwa Kiswahili huyu si mgebuka, si kuhe, huyu ziwani hayumo. Mwalimu akaandika kitu.

Kisha vifuniko vya soda, kumi na moja, ahesabu. Niliomba Mungu aanze wani, tuu. Hakuanza. Akavivuta mezani kwa kiganja kama ninavyovuta mimi, vitano hapa, vitano pale, kimoja pembeni. “Mafungu mawili na nyongeza moja.”

Ni sawa! Ni kumi na moja! Hakukosea! Nilitaka kusimama. Tuliambiwa tusisaidie.

Zamu yetu. Baba yake alijibu alivyojizoesha, vizuri, jasho linamtoka. Mimi nikaulizwa nani atamsaidia mtoto kazi za nyumbani. Nilielewa swali. Nikajibu kwa Kiswahili: mimi. Hilo tu.

Kurudi, mtoto alilala mapajani. Kiatu kimoja kilidondoka kwenye daladala, kondakta akaturudishia.

Jumatatu, 18 Novemba

Ujumbe wa simu. Amepata nafasi, ila aanzie awali, si darasa la kwanza. Mwaka mzima tena, mpaka lugha imkae. Ada ile ile.

Nimeusoma mara nne. Si kukataliwa. Kwa nini basi nasikia kama amekataliwa?

Jumatano, 20 Novemba

Tumezungumza na baba yake mpaka jogoo wa kwanza. Yeye anasema mwaka mmoja si kitu, mbao zinakaushwa mwaka. Mimi nasema mtoto huyu anajua kuhesabu, anajua kusoma sura yake ya madrasa, anajua samaki kwa majina. Mwaka wa kukaa anajifunza kwamba hajui, siutaki. Nimelia. Naye sauti ilimkatika. “Sitaki atie sahihi asichokielewa, mama watoto.” Nikamwambia hatatia. Nikamwambia Kiingereza atakifuata akiwa ameshika kwanza mahali pa kusimama. Hakujibu. Alfajiri akaondoka kwenda kwenye mtumbwi wake, akarudi mlangoni, akasema, “Fanya unavyoona.”

Je, naona? Sina hakika. Naogopa miaka kumi ijayo aniulize.

Jumatatu, 16 Desemba

Mbalamwezi tena, sina kazi. Tumeamka mapema, mimi, mtoto na bibi yake. Shule yetu, miguu dakika kumi, njia ina matope. Foleni ndefu. Watoto watakuwa wengi darasani, nimehesabu mwenyewe nikakata tamaa katikati, kisha nikaacha kuhesabu.

Mwalimu wa zamu mama mtu mzima, miwani imefungwa kwa uzi. Akamwangalia, akasema, “Huyu mbona mdogo? Ana miaka mingapi?” Nikawa natafuta cheti kwenye mkoba, kilikuwa ndani ya daftari hili hili, kati ya kurasa za Oktoba. Kabla sijakitoa, mtoto akasogea mbele, akasimama wima, akapitisha mkono juu ya kichwa. Hakuinama.

Kidole kimegusa.

Mwalimu akaweka kalamu chini. Akamtazama mama mkwe, mama mkwe akamtazama. Hawakusema kitu, ila wote wawili mikono iliwainuka kidogo kutoka mapajani. Kisha akachukua kalamu, akaandika jina.

Sare, madaftari, mfagio, na jembe dogo. Bado sijapiga hesabu. Giza likirudi mwisho wa mwezi niwahi Katonga.