Masizi na Majivu

4 Juni 2024
Gungu, sokoni Mwanga, bandarini, Gungu tena. Washa, zima, washa. Mazda ya dizeli haina raha na maisha haya. Chujio la masizi kwenye ekzosi hujisafisha kwa kuyachoma, na ili yaungue vizuri joto lazima lifike kama nyuzi 600. Hapa mjini, moto unapoanza kukolea mimi nimeshafika Mwanga na kuzima injini. Leo tena: feni imeendelea kuvuma baada ya kuzima, na chini kunanuka pasi ya mkaa.

7 Juni
Nimechomeka kifaa cha kusoma kompyuta ya gari chini ya usukani. Namba zinakuja kwenye simu. Taa ya dashibodi siisubiri. Ikiwaka, ujue chujio limeshakabwa.

Kompyuta inataja gramu za masizi, ila nyingi ya hizo ni hesabu zake yenyewe. Ninayoiamini zaidi ni tofauti ya mgandamizo kabla ya chujio na baada yake, maana hiyo inapimwa na sensa yenye mipira miwili myembamba. (Mpira ukipasuka, nayo inadanganya. Nimeikagua, mizima.) Gari likiunguruma limesimama: kilopaskali 0.9. Si nzuri.

10 Juni
Gereji. Fundi hakuzunguka: "Kaka, tunatoa tumbo lote hili, kompyuta tunaidanganya, unasahau habari zake." Nikamwambia, "Fundi, kwanza tujue limejaa nini." Akacheka. Hilux za zamani zinazopita pale hazina kitu hiki, na zinatembea.

Zinatembea, ndiyo, na moshi wake unaishia kwa mama anayekaanga migebuka pembeni ya barabara. Mwaka 2012 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Chujio silitoi.

11 Juni
Nimechomoa kijiti cha oili. Oili imepanda! Ili kupata joto la kuchoma, injini hurusha dizeli ya ziada kwa kuchelewa, na sehemu yake huteremka pembeni ya pistoni hadi kwenye oili. Safari zikikatizwa kila mara, oili inazidi kuwa nyepesi. Kwenye kijiti cha Mazda kuna alama ya X. Ikifika hapo, imwagwe. Bado haijafika, lakini inaielekea.

Kwa kuziba kwa chujio, dizeli yenyewe siilaumu: mwaka 2015 kiwango cha Afrika Mashariki kilishushwa hadi salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni.

15 Juni
Mwandiga hadi karibu na Manyovu, milima mitupu, gia ya chini, injini inafanya kazi kwelikweli. Joto la ekzosi limepanda na kukaa hukohuko. Sikusimama hata kununua ndizi mpaka namba zilipotulia.

Nimepima tena limesimama: 0.4. Basi yalikuwa masizi. Yangekuwa majivu ya oili, namba isingeshuka, kwa kuwa majivu hayaungui. Chujio lingefunguliwa na kuoshwa. Na ingesoma sifuri muda wote, ningeshuku limepasuka, au kuna fundi aliyenitangulia.

Kesho kubadilisha oili. Ya majivu kidogo, hata kama itabidi iagizwe Dar.