Nani Bado Anatumia?

Mjomba hunipigia simu Jumapili, baada ya ibada. Alipopiga Jumanne asubuhi nilijua kuna jambo.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mtandao wa shule umekufa tangu Jumamosi. Taa inawaka, lakini hakuna kinachofunguka. Na usajili wa kidato cha nne unafungwa keshokutwa."

Jumamosi ndiyo siku niliyosambaza toleo jipya la mfumo kwenye kompyuta za shule tunazozihudumia kwa kujitolea. Sikumwambia.

Kompyuta nyingi za shule hizo ni za msaada, na ndani yake mna kadi za mtandao za RTL8139, kadi za bei nafuu zilizoenea kila mahali tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Draiva ni programu inayokaa kati ya Linux na kadi, na ndiyo inayozijua tabia zake zote, hata zile mbaya. Kadi hii, kwa mfano, haichukui data ya kutuma kutoka mahali popote kwenye kumbukumbu ya kompyuta. Lazima data ianzie kwenye anwani inayogawanyika kwa 4. Kwa hiyo draiva huinakili kila pakiti kwenye moja ya nafasi 4 zilizoandaliwa, ndipo iiambie kadi itume. Ni kazi ya ziada kwa kila pakiti, lakini kadi haiwezi kubadilika, basi draiva ndiyo hubadilika.

Kazi ya namna hiyo naipenda. Ninayoipenda zaidi ni kufuta. Katika draiva hiyo kuna chaguo liitwalo media, la kuilazimisha kadi itumie kasi fulani badala ya kukubaliana na kifaa cha upande wa pili. Siku hizi programu ya ethtool inafanya kazi hiyo hiyo. Nikajiuliza, nani bado anatumia? Nikawauliza wenzangu wawili. Kimya. Nikafuta mistari 41 kwenye nakala yetu, nikaijaribu kwenye kompyuta iliyo mezani kwangu, ikapata intaneti, nikalala usingizi mzuri.

Sasa nisingeweza kurekebisha kutoka Dar es Salaam, maana mtandao uliokufa ndio mlango ninaoingilia. Nikapanda basi, Chalinze, Mkata, hadi Handeni. Njiani nilikuwa nawaza wanafunzi 86 na faini ya kuchelewa.

Kwenye maabara nilifungua kumbukumbu za mfumo. Kerneli ilikuwa imeandika, bila kelele, kwamba kigezo media hakijulikani na kimepuuzwa. Kisha ikaendelea na kazi zake. Nikafungua faili la mipangilio, nikakuta mstari mmoja unaoiamuru kadi itumie megabiti 10 kwa sekunde. Juu yake mtu alikuwa ameandika: waya ni mrefu, usiondoe.

"Nani aliandika hivi?"

"Mwalimu wa fizikia," mjomba akasema. "Alihamishwa 2016."

Tukatoka nje kuufuata waya, kutoka ofisi ya mkuu wa shule, nyuma ya jiko, chini ya mwembe, mpaka maabara. Kwa hatua zetu ulikaribia mita 130. Kiwango cha waya huo ni mita 100. Kadi na swichi zilikuwa zimekubaliana kutumia megabiti 100, kwa sababu ishara fupi za kukubaliana zilifika salama. Data yenyewe ilikuwa inafika imeharibika na kutupwa. Ndiyo maana taa iliwaka. Kwa kasi ya 10, waya ule ule ulikuwa ukihimili miaka yote.

Niliandika amri moja ya ethtool, iendeshwe kila kompyuta inapowashwa. Ukurasa ukafunguka. Mjomba akavuta kiti, akaanza kunisomea majina. Tulimaliza saa tano usiku, na ndipo nilipomweleza kwamba aliyeua mtandao ni mimi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama nimekula.

Mistari 41 sikuirudisha. Vitu vya zamani huondolewa, na mara nyingi ni haki. Linux yenyewe iliondoa Token Ring mwaka 2012 na WiMAX mwaka 2021. Msimbo usiojaribiwa na mtu huoza, na kila anayepita hapo hulazimika kuubeba. Kosa langu lilikuwa swali. Niliwauliza watu wawili wenye kompyuta mpya, nikachukua kimya chao kuwa jibu la mwalimu wa Handeni. Wanaotumia vitu vya zamani hawako kwenye kundi letu la WhatsApp. Wako na dirisha la usajili linalofungwa keshokutwa.

Sasa kabla sijafuta chaguo lolote, nakusanya kwanza mafaili ya mipangilio ya shule zote na kuyasoma, moja baada ya jingine. Kisha natoa toleo linaloonya tu, nasubiri muhula mzima, napiga simu. Inachosha.

Kabla ya kuondoka Handeni nilifungua tena lile faili. Juu ya amri yangu nikanakili maneno ya mwalimu wa fizikia kama alivyoyaandika, na chini yake nikaweka namba yangu ya simu.