Habari Iliyokwama Lushoto

Na mwanafunzi wa Kidato cha Tano, Chama cha Kompyuta

Watu wengi hudhani kuwa habari ikishatoka, basi imekwisha fika. Sivyo hivyo. Habari ina safari yake kama abiria alivyo na safari yake, na mara nyingi haipotei mwanzoni wala mwishoni, bali hukwama katikati, mahali ambapo inajulikana vizuri lakini hakuna aliyeagizwa kuipeleka mbele. Muhula huu chama chetu kilishughulika na jambo hilo kwa muda wa wiki tatu, nami nimeonelea vema kuwaandikia wasomaji wa gazeti letu yale tuliyoyaona. Nawaandikia hasa wazazi wetu, ambao hutuuliza, "Huko kwenye kompyuta mnafanya nini hasa?"

Kwanza nieleze ruta ni nini. Ruta ni chombo kinachokaa penye njia panda za mtandao. Kifurushi cha habari kinapofika, ruta hutazama kimeandikiwa kwenda wapi, hutazama jedwali lake la njia, kisha hukipeleka upande unaofaa. Ni kazi kama ya kondakta wa stendi ya Mombo: wa Soni panda hapa, wa Korogwe panda kule. Lakini ruta haizaliwi na jedwali hilo. Hulipata kwa kutangaziana njia na ruta jirani zake, na kutangaziana huko kuna kanuni zake.

Kanuni tuliyojifunza huitwa OSPF, maana yake ni kanuni iliyo wazi kwa wote ya kutanguliza njia fupi. Ilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1989, na maandishi yanayofuatwa zaidi ni yale aliyoyatoa John Moy mwaka 1998. Hesabu iliyomo ndani yake ni ya zamani zaidi. Aliibuni Mholanzi mmoja, Edsger Dijkstra, mwaka 1956, alipojiuliza njia iliyo fupi kutoka Rotterdam hata Groningen ni ipi. Mwenyewe alisimulia kuwa alikuwa ameketi mkahawani Amsterdam, akaimaliza kwa dakika 20 hivi, bila kalamu wala karatasi. Aliichapisha mwaka 1959.

Hesabu hiyo humtaka kila mmoja awe na ramani nzima. Mtandao ukiwa mkubwa, ramani huwa nzito, na mashine ndogo huchoka. Ndiyo maana mtandao hugawanywa katika maeneo. Kila ruta hujua kwa ukamilifu ramani ya eneo lake tu, na habari za maeneo mengine huletewa kwa muhtasari na ruta za mpakani. Hapo ndipo penye sharti kubwa: kila eneo lazima liguse eneo la sifuri, liitwalo uti wa mgongo, na habari ya kutoka eneo moja kwenda jingine lazima ipitie humo.

Kwa nini sharti hilo? Kwa sababu muhtasari ni habari ya kuambiwa. Kila mpaka ukiruhusiwa kuupokea muhtasari kutoka popote na kuupeleka popote, habari itazunguka na kumrudia aliyeisema, naye ataiona kama habari mpya. Kijijini twajua uvumi ulivyo: ulichomwambia jirani asubuhi, jioni waambiwa wewe na mtu wa tatu. Kwa hiyo ruta za mpakani hukubali muhtasari ule tu uliopitia uti wa mgongo.

Mwalimu wetu alitupangia zoezi ndani ya programu inayoigiza ruta, akazipa ruta majina ya kwetu ili tusipotee. Reli ya Usambara ilianza kujengwa Tanga mwaka 1893, ikafika Korogwe, kisha Mombo mwaka 1905. Njia hiyo ya reli ndiyo ikawa uti wa mgongo wetu: Tanga, Korogwe na Mombo, eneo la sifuri. Kutoka Mombo barabara hupanda mlima kupitia Soni hadi Lushoto, nayo ikawa eneo la kwanza. Kutoka Lushoto twapita Magamba na Lukozi hata Mtae, ukingoni mwa mlima, na hilo likawa eneo la pili. Msomaji ataona tatizo mara moja. Eneo la pili haligusi eneo la sifuri. Kati yao pana eneo zima la watu wengine.

Tuliziwasha ruta, tukatazama majedwali. Tanga haikuijua Mtae hata kidogo. Mtae nayo haikuijua Tanga. Lakini ajabu ilikuwa Lushoto. Jedwali la Lushoto lilikuwa limejaa: Tanga imo, Korogwe imo, Mombo imo, Mtae imo. Lushoto ilijua pande zote mbili, wala nyaya zake hazikuwa na kasoro. Ila kwa kuwa haikuwa na mguu katika uti wa mgongo, haikujihesabu kuwa ruta ya mpakani, na kwa hiyo haikutangaza ya huku kule wala ya kule huku. Ilinyamaza na elimu yake.

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka, kwani nilimkumbuka kaka yangu. Nyumbani kwetu ni upande ule wa Mtae. Kaka alipochaguliwa kwenda chuo, barua yake ilifika mjini kwa wakati wake. Ilikaa katika ofisi moja, juu ya meza, na kila aliyeingia aliiona. Hakuna aliyeificha, na hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ni kwamba tu hakuna aliyekuwa na kazi ya kuipeleka mlimani. Kaka aliripoti chuoni siku tisa baada ya wenzake, na mama aliuza kuku wake wote ili nauli ipatikane usiku ule ule. Tangu siku hiyo najua kuwa "haijafika" na "haikutumwa" ni mambo mawili mbalimbali.

Basi, dawa ya Lushoto ni nini? Iliyo bora ni kuvuta waya halisi wa eneo la sifuri hadi Lushoto. Lakini kama waya haupo, kanuni imeruhusu kitu kiitwacho kiungo pepe. Mombo na Lushoto huandikiwa kuwa ni majirani katika uti wa mgongo, ingawa kati yao yupo Soni. Kwa agano hilo Lushoto huwa na mguu katika eneo la sifuri, huwa ruta ya mpakani, na huanza kutangaza. Tulipoandika amri hiyo pande zote mbili, kitambo kidogo jedwali la Tanga likaionyesha Mtae. Tulipiga makofi.

Makofi hayo yalikuwa ya Ijumaa. Jumamosi iliyofuata, kabla hatujaja, Mwalimu aliongeza mambo mawili kwa makusudi, akatuambia, "Vijana, mtandao wenu bado unafanya kazi. Zimeni ruta zote, mziwashe tena, kisha mnieleze mnachokiona." Tukafanya hivyo. Mtae ikapotea tena.

Wengine walitaka kufuta yote na kuanza upya. Mwalimu alikataa. Alisema kuwa anayefuta bila kujua sababu atakutana nayo tena kesho. Akatutaka tuulize maswali kwa utaratibu, nami nauandika hapa kwa faida ya watakaotufuata.

Swali la kwanza: je, njia ya chini ni nzima? Kiungo pepe hakina waya wake. Hutembea juu ya eneo la kwanza. Kama Mombo haiwezi kuifikia Lushoto kwa njia ya Soni, hapana haja ya kuuliza mengine. Tulijaribu, ikafikika.

Swali la pili: je, eneo la kati limefanywa kisiki? Eneo kisiki ni eneo linalopunguziwa mzigo kwa kutopewa njia za nje ya mtandao mzima. Huelekezwa mlango mmoja tu, basi. Eneo la namna hiyo haliwezi kubeba kiungo pepe, na sababu yake yafaa kufahamika. Kiungo pepe si shimo la chini kwa chini linaloivuka Soni. Vifurushi vya Mtae hupita Soni vikiwa wazi, na Soni lazima ijue yenyewe viende wapi. Mpitishaji asiyejua njia hawezi kupitisha. Eneo letu halikuwa kisiki, tukaendelea.

Swali la tatu: je, majirani wanaitana kwa majina yao ya kweli? Katika kiungo pepe ruta haiitwi kwa anwani ya waya wake, bali kwa jina lake, ambalo nalo huandikwa kwa tarakimu. Ruta isipopewa jina kwa mkono hujichagulia yenyewe inapoanza kazi: kama haina anwani ya ndani, huchukua anwani iliyo kubwa kuliko zote katika nyaya zake. Siku ya kwanza Lushoto ilijiita 10.1.3.1. Mwalimu alikuwa ameongeza waya mpya upande wa sokoni wenye anwani 10.2.9.1. Maadamu Lushoto haijazimwa, jina la zamani lilibaki. Ilipowashwa upya ikajiita 10.2.9.1, na Mombo ikawa inamwita mtu asiyekuwapo. Tuliipa kila ruta jina la kudumu kwa mkono, tukasahihisha kiungo pande zote mbili.

Bado hakikusimama. Ndipo likaja swali la nne: je, neno la siri ni moja? Mwalimu alikuwa ameweka neno la siri katika eneo la sifuri, kule Tanga, Korogwe na Mombo. Tulisema, "Lushoto haina waya wa eneo la sifuri, yahusikaje?" Jibu ni kwamba kiungo pepe chenyewe ni mali ya eneo la sifuri, ingawa kinatembea katika eneo la kwanza. Kwa hiyo Lushoto nayo hudaiwa neno lile. Na kwa nini kosa hilo halikuonekana kabla ya kuzima? Kwa sababu katika ruta za namna tuliyoigiza, majirani wa kiungo pepe wakishapatana hawasalimiani tena kila mara. Urafiki wa zamani ulikuwa ukiendelea kwa kimya. Salamu mpya zilipohitajika, ndipo neno la siri likaulizwa. Tuliliandika Lushoto, na kiungo kikasimama.

Swali la tano ndilo ambalo wengi huliruka: je, njia ni nzima kwenda na kurudi? Tulituma kifurushi kutoka Tanga hadi Mtae, na kingine kutoka Mtae hadi Tanga. Vyote viwili vilifika. Hapo ndipo Mwalimu alipotia sahihi katika daftari letu.

Kisha akatuuliza swali ambalo hatukulitazamia: "Kwa ruta chache namna hii, mlihitaji maeneo matatu?" Tulijadiliana, tukakubali kuwa hatukuyahitaji. Mashine za leo huweza kubeba ramani ndogo kama yetu bila taabu, na eneo moja lingetosha. Kiungo pepe ni mkongojo: humsaidia mgonjwa kutembea, lakini si mguu. Anayejenga mtandao mpya asiupange kwa kuutegemea. Mwenye mtandao wa zamani, au aliyeunganisha mitandao miwili iliyokuwa mbalimbali, autumie hata apate waya.

Tangu mkongo wa baharini wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009, na Mkongo wa Taifa ukaanza kusambazwa mikoani, uti wa mgongo umekuwa ukisogea karibu na watu. Hata hivyo katika milima yetu zitakuwapo siku zote sehemu zinazofikiwa kwa kupitia kwa jirani. Kwa hiyo kazi ya yule wa katikati haitakwisha. Ajue njia, atambulike kwa jina lisilobadilika, awe na neno la kuaminiwa, na zaidi ya yote awe ameagizwa kwa maandishi kuwa kupitisha ni kazi yake. Hayo yafaa kwa ruta, na nadhani yafaa pia kwa meza za ofisi.

Ndugu wanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili, msiogope mambo haya. Hesabu inayotakiwa mwanzoni ni kujumlisha tu, na kuuliza si ujinga. Chama hukutana kila Jumamosi saa nne asubuhi katika chumba cha kompyuta. Njooni na daftari na penseli, kwani ramani huchorwa kwanza kwa mkono.