Supu ya mzazi, kasa na safari yetu ya Kimbiji

Wiki iliyopita niliwaahidi tuendelee na chakula cha nyongeza kwa mtoto wa miezi sita. Tutaendelea, msijali. Leo naomba nisimulie kwanza safari yetu ya Jumamosi, maana tangu nirudi nina jambo kifuani na nimeona si la kukaa nalo peke yangu. Ni ndefu, nimeigawa vipande vinne. Mwenye mtoto anayenyonya naomba asiishie njiani, afike mpaka kipande cha nne.

KIPANDE CHA 1: KUTOKA MBAGALA

Sisi watu wa Mbagala tukisema tunaenda beach, mara nyingi ni Coco, au Kigamboni palepale ukishuka kwenye pantoni. Watoto wanaingia maji, wanakula mihogo ya kukaanga, jioni tunarudi na mchanga mpaka masikioni. Safari hii ilikuwa tofauti. Kazini tuna mchezo wetu wa akina mama, tunachanga kila mwezi. Mwezi huu tukasema hela isiishie kwenye vyombo, twende na watoto tukaone vitoto vya kasa vikitoka kiotani.

Si mbali jamani. Kusini mwa Kigamboni, kuelekea Kimbiji, eneo ambalo juzijuzi tu lilikuwa Temeke hiihii yetu, kasa hupanda ufukweni usiku kutaga. Kuna shirika la Sea Sense ambalo limefanya kazi na wanavijiji wa pwani kwa miaka mingi. Mtu wa kijijini ndiye anayetembea ufukweni alfajiri akitafuta nyayo za kasa, anaweka alama kwenye kiota, anahesabu siku. Siku zikikaribia, wageni wanaweza kuja kuangalia wakiwa na mwongozaji.

Tulikuwa akina mama sita, watoto kumi na moja, na shangazi. Shangazi huyu ni wa mume wangu, ana miaka sabini na kitu, siku hizi anaishi kwetu. Nilimwaga aliposema, "Na mimi nakuja, nimekaa ndani kama kuku wa mayai." Basi tukamchukua. Daladala mpaka Kongowe, nyingine mpaka Kibada, hapo tukakutana na Coaster tuliyokodi.

Nilichobeba, kwa wanaoniuliza kila siku "nesi, ukitoka na watoto unabeba nini": maji ya kunywa ya kutosha, kofia kwa kila mtoto, kanga mbili za kufanya kivuli, chapati na viazi vya kuchemsha (mayonnaise na nyama za mchuzi acheni nyumbani, joto linaziharibu), nguo za kubadili, sabuni, na pakiti tatu za ORS. Mwenzetu mmoja alikuwa na mtoto wa miezi minne. Huyo hakuhitaji maji wala juisi, hata kwenye jua lile. Alinyonya mara nyingi zaidi tu, na mama yake ndiye aliyekunywa maji mengi.

KIPANDE CHA 2: UFUKWENI

Tulifika saa tisa. Tukapumzika chini ya miti, maana kiota hakifunguliwi jua likiwa kali. Saa kumi na nusu mwongozaji akatuita. Ni mzee, mvuvi wa zamani, anaongea taratibu kama anamfundisha mjukuu. Akatupa masharti: hakuna tochi ya simu, hakuna kuokota kitoto cha kasa, hakuna kusimama kati ya kiota na maji. Vitoto vinafuata mwanga, kwa kawaida mwanga wa bahari. Ukiwasha taa upande wa nchi kavu umevipoteza, vitaelekea vichakani na huko vinakufa.

Akatueleza kuwa kasa mmoja hutaga mayai mia moja au zaidi kwenye shimo moja, anafukia, anarudi baharini. Yanakaa mchangani kama miezi miwili. Joto la mchanga ndilo linaloamua jinsia: mchanga ukiwa wa moto sana wengi wanakuwa majike. Kiota chetu kilikuwa kimeshatoa wengi usiku wa kuamkia siku ile. Yeye alikuwa anafukua kuwatoa waliobaki chini, waliokwama kwenye mizizi.

Akachimba kwa mikono, polepole. Watoto kumi na moja wamechuchumaa, kimya! Mimi mwenyewe sikuamini, wangu hata msikitini hawatulii. Kikatoka kichwa, kisha pezi, kisha kitoto kizima, cheusi mgongoni, cheupe tumboni, kinaenea kwenye kiganja. Kisha kingine. Tulihesabu kumi na tisa. Vikawekwa juu ya mchanga, vikaanza kutembea vyenyewe kuelekea maji. Kinaanguka kwenye unyayo wa mtu, kinapinduka, kinajinyanyua, kinaendelea. Wimbi linakirudisha, kinaanza upya.

Binti yangu wa kwanza, ana miaka tisa, akauliza, "Babu, mama yao yuko wapi?"

"Ameshaondoka, mjukuu wangu. Akitaga hajui tena habari zao."

"Sasa nani anawanyonyesha?"

Watu wote tukacheka. Mzee akamwambia hawa hawanyonyi, wanatoka na kiini cha yai tumboni, hicho ndicho chakula cha siku za kwanza. Akasema inakadiriwa kwamba katika elfu moja, anayefikia utu uzima ni mmoja hivi. Na huyo mmoja, akiwa jike, atarudi kutaga kwenye pwani za huku alikozaliwa, labda baada ya miaka ishirini na tano au zaidi. "Wewe utakuwa mama mtu mzima," akamwambia binti yangu.

Kisha akatugeukia sisi wakubwa. "Nani hapa amewahi kula kasa? Msiogope, mimi ni wa kwanza." Akanyoosha mkono wake mwenyewe.

Shangazi akanyoosha mkono.

Na mimi, mama zangu, mkono wangu ukabaki chini.

KIPANDE CHA 3: NILICHOFICHA MIAKA TISA

Mwaka 2015 nilijifungua huyu binti. Nilikuwa nesi tayari, nimevaa sare mwaka wa tatu. Siku ya kumi na mbili ya uzazi shangazi akaja kutoka kwao, pwani ya kusini, amebeba hotpoti amelifunga kwa kanga. "Mzazi, amka ule. Hii inaleta maziwa na inarudisha damu." Nikafungua, harufu siijui. Nikauliza ni nini. Akasema kasa.

Na nilikuwa najua. Nilipokuwa mafunzoni, kwenye kituo kimoja cha afya cha pwani, daktari mmoja mtu mzima alitufundisha kwamba familia nzima ikija inatapika, swali la kwanza ni "mmekula nini pamoja?", na alikitaja kasa kwa jina. Alisema sumu yake haitoki kwa kuchemshwa, na inapita kwenye maziwa ya mama.

Sasa fikiria. Mama mtu mzima amesafiri kutwa nzima kwenye basi na chungu mapajani kwa ajili yako. Mama mkwe amekaa pale. Wewe ni mke mpya wa nyumba. Nilisema nini? Nilisema, "Asante shangazi," nikala vijiko viwili, vingine nikamwaga walipotoka. Usiku nikamnyonyesha mwanangu, kisha sikulala. Kila akivuta pumzi nahesabu. Asubuhi nikamtazama mdomoni, nikamwamsha kuhakikisha anaamka. Wiki nzima hivyo. Hakupata chochote, Alhamdulillah. Si kila kasa ana sumu, ndiyo maana watu wanakula mara tisa salama na mara ya kumi wanazika.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Nesi anayewafundisha wenzake kliniki, amekula kitu anachokijua, kwa aibu!

Machi 2024 zikaja habari za Kisiwa Panza, Pemba. Mnazikumbuka. Watoto wanane na mwanamke mmoja walifariki baada ya kula kasa, wengine 78 wakapelekwa hospitali. Huyo mwanamke alikuwa mama wa mmoja wa wale watoto. Na Novemba 2021 hukohuko Pemba walikufa watu saba, mmoja wao mtoto wa miaka mitatu. Nilisoma zile habari niko zamu ya usiku. Nikaenda chooni nikalia.

Basi Jumamosi, watoto wanakimbizana kwenye maji, nikakaa na shangazi kwenye kanga. Nikamwambia, "Shangazi, samahani. Ile supu ya uzazi wa huyu binti. Nilijua ina hatari, sikukwambia."

Akanyamaza. Kisha akauliza, "Hatari gani?"

Nikamweleza yote, mpaka habari ya maziwa. Nilidhani atakasirika kwa ajili yake, kwamba nimemfanya mchawi. Hakukasirika hivyo. Aliniangalia akasema, "Mwanangu, baada yako niliwapelekea wazazi wengine wawili. Kwa mikono yangu. Mbona hukunifunza? Wewe si ndiye mwenye shule?"

Jamani. Nilikuwa nimepanga miaka tisa kwamba siri ile ni yangu mimi na mwanangu tu. Sikuwahi kufikiria kuwa kunyamaza kwangu kulitembea na hotpoti lile kwenda nyumba nyingine. Wale wawili watoto wao wazima, nimeshauliza. Lakini hiyo ni bahati, si kazi yangu.

Nikamwomba radhi tena. Akasema, "Ungeniambia siku ileile ningekupikia kuku. Kuku hana shida." Kisha akanyanyuka, akaenda kwa yule mzee mwongozaji wakaongea muda mrefu, wanatikisa vichwa.

KIPANDE CHA 4: CHA KUFANYA

Sasa nazungumza kama nesi.

Sumu ya kasa inadhaniwa inatokana na vitu anavyokula baharini, kama mwani wenye sumu. Kwa macho huwezi kumtambua kasa mwenye sumu. Nyama inakuwa na sura na ladha ya kawaida. Kuchemsha, kukaanga, kukausha, ndimu, tangawizi, havisaidii. Watoto wadogo ndio wanaoumia zaidi, na imeshatokea mtoto mchanga kudhurika kwa maziwa ya mama aliyekula, yeye mwenyewe hajaonja.

Dalili zinaweza kuanza baada ya saa chache au hata siku kadhaa: kichefuchefu, kutapika, kuwaka mdomoni na kooni, vidonda kwenye ulimi, kushindwa kumeza, usingizi usio wa kawaida. Mtoto anayelala na haamki vizuri, hiyo ni dharura. Hakuna dawa maalum ya kuondoa sumu hii. Hospitali inachofanya ni kukusaidia upumue, usikaukiwe maji, uangaliwe kwa karibu. Ndiyo maana kuwahi kuna maana.

Mtu akiwa amekula:
– Nendeni hospitali wote mliokula, hata asiye na dalili. Msisubiri.
– Semeni wazi kwamba ni kasa. Najua sheria zetu zinakataza kumvua, na watu wanaogopa kutaja. Pale tunatafuta uhai wa mtoto. Ukisema "tulikula samaki" unatupotezea muda.
– Msimpe mgonjwa maziwa wala mafuta ili atapike. Asiyeweza kumeza vizuri asilishwe chochote.
– Mama anayenyonyesha asimamishe kumnyonyesha mtoto, aende naye hospitali, aeleze. Huko wataelekeza mtoto apewe nini na maziwa yakamuliwe na kumwagwa mpaka lini.

Na mzazi anayetafuta maziwa: mtoto anyonye mara nyingi, usiku na mchana, akishikwa vizuri kwenye titi. Hicho ndicho kinacholeta maziwa. Mama anywe maji, ale vizuri: maharage, samaki, kuku, mtori, mboga za majani, uji. Supu ni nzuri. Ila iwe ya kuku, ng'ombe au samaki wa kawaida.

La mwisho ni kwa manesi wenzangu na kwa kila binti "mwenye shule" kwenye ukoo. Heshima kwa mkubwa si kumeza anachokupa. Unaweza kusema, "Shikamoo shangazi, asante kwa safari, hiki siwezi kula, naomba nikwambie kwa nini." Atanuna siku moja. Siku ya pili atakuwa mwalimu kuliko wewe. Wa kwangu jana alikuwa na shughuli ya arobaini mtaa wa pili. Amerudi usiku ananiambia, "Leo nimewaambia wote, na mmoja alikuwa ameshaagiza."

Binti yangu bado anauliza vile vitoto kumi na tisa vimefika wapi. Nikamwambia viko safarini. Siku moja nitamweleza na ile hadithi ya vijiko viwili, ila si sasa.

Wiki ijayo tunarudi kwenye uji wa miezi sita, panapo majaliwa. Kama nyumbani kwenu kuna mzazi, msomee shangazi yake hiki kipande cha nne.