Jumamosi Ina Wenyewe

Iwapo nyumbani kwako mna vijana wapenda kandanda, mpenzi msomaji, bila shaka ratiba ya Ulaya unaijua hata kama hujawahi kuiuliza. Jumamosi jioni hakuna wa kutumwa dukani. Jumanne na Jumatano ndizo siku za ugomvi, maana mechi za Klabu Bingwa Ulaya huanza saa nne usiku kwa saa zetu, na majira ya baridi yakiingia kule huanza saa tano, wakati ambapo mwanafunzi alipaswa kuwa kitandani. Kijana wangu alipokuwa kidato cha pili aliniuliza: kwa nini mechi hizi zisichezwe Jumamosi mchana, tukazitazama sote bila kuudhiana?

Nilimjibu kwamba Jumamosi ina wenyewe. Wikendi ni ya ligi za nchi: Uingereza, Uholanzi, Denmark, Scotland na nyinginezo. Katikati ya wiki ni pa UEFA, shirikisho la soka la Ulaya. Mpaka huo haukushuka kutoka mbinguni. Uliwekwa na watu waliokaa mezani wakabishana, na anayezisemea ligi katika meza hiyo ni chama kiitwacho European Leagues, kilichoundwa mwaka wa 2005 na ambacho leo kina ligi zaidi ya 30. Makao yake yako Nyon, Uswisi, mji ule ule yaliko makao ya UEFA, mithili ya mpangaji aliyeamua kuishi karibu na mwenye nyumba ili kodi isipandishwe kisirisiri.

Usidhani ligi hizi zinapendana. Ile ya Uingereza huvuna fedha za televisheni ambazo ya Denmark haiwezi hata kuziota, na kijana hodari wa Denmark, mguu wake ukishakomaa, huchukuliwa. Lakini ligi ndogo ikibaki peke yake haina sauti mbele ya UEFA, na ligi kubwa bila zile ndogo haina mahali pa kuchuma wachezaji. Basi hukaa pamoja, kila mmoja akiwa na jicho moja kwenye sahani ya mwenzake.

Agosti 2016 sahani hiyo ilivutwa. UEFA ilitangaza kwamba kuanzia msimu wa 2018-19 nchi nne zilizo juu, yaani Uhispania, Ujerumani, Uingereza na Italia, zingekuwa na nafasi nne kila moja katika Klabu Bingwa bila kupitia mchujo. Ligi zilisema hazikushauriwa. Zikavunja mkataba wao na UEFA, ule uliozizuia kuweka mechi zao katika usiku wa Klabu Bingwa. Hebu fikiria: ligi yoyote ingeweza kuweka mchuano wake mkali saa ile ile ya nusu fainali! Halikuwa tishio dogo. Baadaye pande hizo mbili zilipatana, na leo ligi zina kiti katika kamati kuu ya UEFA, ingawa zile nafasi nne hazikuondolewa.

Lakini tukio lililotugawa nyumbani kwangu ni la Aprili 18, 2021. Utakumbuka kwamba Nairobi na kaunti jirani zilikuwa zimefungwa kwa ajili ya korona, kafyu ikianza saa mbili usiku. Tulikuwa ndani sote, pamoja na shemeji yangu aliyekuja kututembelea akakwama. Habari zikaja kwamba klabu 12, sita za Uingereza, tatu za Uhispania na tatu za Italia, zinaanzisha Super League yao. Timu 20, na kati ya hizo 15 zingekuwa wanachama wa kudumu wasioweza kushushwa hata wakishika mkia.

Kijana, ambaye ni wa Arsenal, alishangilia. Shemeji, wa Manchester United tangu utoto wake, akamuunga mkono. Nani anataka kutazama timu ndogo, aliuliza, ilhali unaweza kupata Real Madrid kila wiki? Nikawauliza: na Leicester City je? Timu ile iliponea chupuchupu kushushwa daraja mwaka wa 2015, na mwaka uliofuata ikatwaa ubingwa wa Uingereza. Mwaka wa 2017 ilifika robo fainali ya Klabu Bingwa. Mlango ukifungwa kwa kufuli, Leicester nyingine itapitia wapi? Shemeji alinyamaza, kisha akasema nimeanza siasa.

Ligi za Uingereza, Uhispania na Italia zilikwisha kutoa taarifa ya pamoja na UEFA siku ile ile kuupinga mpango huo. Mashabiki wa London wakaingia barabarani. Kufikia usiku wa Aprili 20 klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimetangaza kujiondoa.

Mlango ukiwa wazi, hata asiyeingia hupata chochote. Katika mpango wa fedha wa 2024 hadi 2027, mashindano ya klabu za Ulaya yalikadiriwa kuingiza euro bilioni 4.4 kwa msimu, na asilimia 7 ya hizo, euro milioni 308, ikatengewa klabu ambazo hazichezi mashindano hayo. Asilimia hiyo ilikuwa 4 hapo awali. Kwa klabu ya Real Madrid ni chenji tu, lakini kwa klabu ya mji mdogo huweza kuwa mishahara ya makocha wa watoto.

Oktoba 2024 ligi zilifanya jambo lililonishangaza. Ziliungana na chama cha wachezaji wa Ulaya, yaani waajiri na waajiriwa wakawa upande mmoja, wakaishtaki FIFA mbele ya Tume ya Ulaya kwamba inajaza kalenda bila kuwauliza. Kombe la Dunia la Klabu la timu 32 lilikuwa limewekwa Juni na Julai 2025, miezi ambayo mchezaji angekuwa akipumzisha magoti.

Nasi Afrika? Agosti 2022, jijini Arusha, CAF ilitangaza ligi kuu ya bara yenye klabu 24 na zawadi ya dola milioni 100. Ilipozinduliwa Dar es Salaam Oktoba 20, 2023, Simba ikitoka sare ya 2-2 na Al Ahly, zilikuwa klabu nane tu. Niliisoma orodha mara mbili nikitafuta jina la Kenya, sikuliona. Nikajiuliza ni nani aliyekuwa mezani akiisemea ligi yetu.